Gofu, Ufuo na Kobe Mzee: Likizo ya Pwani Ilivyotengenezwa

Familia nyingi za Birmingham zenye asili ya Afrika Mashariki, zikianza kupanga likizo ya mahali penye jua, mazungumzo huishia Mombasa. Orodha yao huwa na mambo matatu: gofu kwa wanaoipenda, ufuo kwa wote, na mahali pa kuwapeleka watoto ili wasichoke na mchanga. Vipeperushi vya mawakala wa usafiri huweka yote matatu kwenye ukurasa mmoja, na msomaji hudhani yalizaliwa siku moja. Sivyo. Kila moja lilikuja kwa wakati wake, na kila moja lilikuwa na bawabu wake mlangoni. Katika makala haya tunawafuata mabawabu hao, maana anayepanga safari ya pwani bila kuwajua anaijua nusu tu ya mahali aendako.

Tuanze hapa hapa tulipo. Birmingham haina bahari. Mfanyakazi wa kiwandani aliyetaka kuiona alipanda treni hadi Weston-super-Mare au Rhyl, na kwa wengi safari hiyo ilikuwa ya siku moja tu, kwa sababu siku ya kutofanya kazi ilikuwa siku ya kutolipwa. Sheria ya likizo yenye malipo ilipitishwa Uingereza mwaka 1938. Kabla ya hapo, na hata baadaye, familia zisizo na nauli ya kufika baharini zilikwenda vilima vya Lickey, kusini-magharibi mwa mji. Katika miaka ya 1920 tramu zilifika hadi Rednal, chini ya vilima hivyo, na huko halmashauri ya jiji ilikuwa na uwanja wake wa gofu. Mchezo uliohesabiwa kuwa wa matajiri ukapata uwanja wa umma, unaofikika kwa tramu.

Desturi hiyo ya jiji kumiliki mambo kwa niaba ya wakazi wake inahusishwa sana na Joseph Chamberlain. Alikuwa meya wa Birmingham kuanzia 1873 hadi 1876, na katika muda huo jiji lilinunua kampuni za gesi na maji. Ndiye pia aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Birmingham kilipoanzishwa mwaka 1900, na mnara wa saa ambao wanafunzi huuita Old Joe ni kumbukumbu yake. Wasiojulikana sana ni Chamberlain wa Desemba 1902. Akiwa waziri wa makoloni, njiani kwenda Afrika Kusini, alishuka Mombasa na kupanda treni ya reli mpya iliyokuwa imefika Ziwa Victoria mwaka uliotangulia. Mwaka huo huo wa 1902 ilitungwa sheria iliyoruhusu ardhi ya nchi ile kugawiwa walowezi. Kwa hiyo, wakati Birmingham ilikuwa ikijifunza kumiliki kwa pamoja, koloni lilikuwa likijifunza kugawa kwa rangi. Tofauti hii ndiyo inayotuongoza kwenye uwanja wa gofu.

Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, nayo ya Mombasa ikafuata mwaka 1911, ikiwa na mashimo tisa kando ya bahari, karibu na mnara wa taa. Mwaka 1935 klabu ya Nairobi ilipewa hadhi ya kifalme. Klabu hizi zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia uwanjani akiwa amebeba mkoba wa vijiti vya mwenziwe, au akikata nyasi. Mhindi aliyekuwa na duka mjini, mwenye fedha za kutosha kununua vijiti hivyo, hakuruhusiwa kuwa mwanachama, na jamii za Kihindi zikajijengea klabu zao za kriketi, hoki na tenisi. Babu na bibi za baadhi ya wacheza gofu wa Birmingham wa leo walizaliwa na kukulia katika miji hiyo, wakapita nje ya uzio wa uwanja kila siku, na hawakuwahi kupiga mpira hata mmoja ndani yake.

Familia hizo zilifikaje huku? Baada ya uhuru, Wahindi wengi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza waliona nafasi zao zikipungua, wakaanza kuhama. Mwaka 1968 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya haraka ya kuwazuia. Tarehe 20 Aprili mwaka huo huo, hotelini katikati ya Birmingham, Enoch Powell alitoa hotuba yake mashuhuri ya kuwapinga wahamiaji. Miaka minne baadaye Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 za kuondoka, na maelfu yao wakaja Uingereza, wengi wakikaa katika miji ya eneo hili la kati. Walifungiwa mlango huko, na huku walisubiri muda mrefu wafunguliwe. Hivyo, mtoto wao au mjukuu wao anapolipia mashimo kumi na manane Nyali au Diani leo, kwake yeye ule si mchezo mtupu. Bawabu wa rangi ameondoka. Aliyebaki ni bawabu wa bei. Uwanja wa Vipingo, kaskazini mwa Mombasa, ambao Desemba 2019 ulipokea mashindano ya wanawake ya ziara ya Ulaya, hauulizi ukoo wa mtu, lakini Wakenya wengi wanaouona huuona kupitia ukuta.

Kuhusu ufuo, mambo ni magumu zaidi. Kwa karne nyingi wageni wa pwani hii walikuja na kaskazi na kurudi na kusi, wakakaa miezi mjini, wakaoa, wakazika wafu wao. Ufuo ulikuwa mahali pa kupakia mizigo na kuanika samaki. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyomtaka kila mwenye madai ya ardhi katika ukanda wa pwani ayapeleke yaandikwe. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wamijikenda wengi walikuwa wakitumia ardhi kwa desturi za ukoo, bila karatasi, wakajikuta maskwota mahali walipozikwa babu zao. Kisha likaja daraja la kuelea la Nyali mwaka 1931, lililowavusha watu kwa ada, na mwaka 1946 ikafunguliwa Nyali Beach Hotel kwa ajili ya wageni na walowezi waliotoka bara kupumzika. Uwanja wa ndege ulipopanuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ndege kubwa za Ulaya zikawa zinatua Mombasa moja kwa moja, na hoteli zikajipanga mstari mrefu kaskazini na kusini mwa kisiwa.

Hata hivyo, ufuo wenyewe si wa hoteli. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya mpaka wa maji kujaa na mpaka wa maji kupwa ni ya umma. Mgeni akilala kwenye kiti cha hoteli, yumo katika mali ya mtu; akishuka hadi mchanga uliolowa, yuko kwa wananchi. Kijana anayemkaribia hapo kumuuzia madafu hajavamia mahali. Yuko kwao.

Vivutio vya watoto navyo vina historia yao. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958, na ikawa makumbusho mwaka 1962. Watoto hukimbia leo palipofungwa wafungwa. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ziliundwa mwaka 1968. Matumbawe yakapata ulinzi, na wavuvi wakakatazwa kutega humo. Haller Park, huko Bamburi, lilikuwa shimo lililoachwa na machimbo ya saruji. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje kwenye mwamba mtupu, akaleta majongoo wale majani yake na kuyageuza udongo. Humo ndimo watoto wa dunia nzima walipomjua kiboko Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 na kujiegemeza kwa kobe aliyeitwa Mzee. Kati ya vivutio vyote vya orodha yetu, hiki pekee kilianza kwa kurudisha kitu kilichokuwa kimechukuliwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pwani inaijua methali hii kwa pande zote mbili. Baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997 vyumba vilibaki vitupu. Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ililipuliwa, na wengi wa waliouawa walikuwa Wakenya, wakiwemo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwapokea wageni. Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake, watalii wakarudishwa kwa ndege, na wapishi, wachonga vinyago na mabaharia wakabaki bila kazi. Mwenyeji anayetegemea mgeni mmoja tu huugua mgeni huyo asipokuja.

Basi kwa mwanachama anayepanga safari: likizo za shule za Agosti huangukia msimu wa kusi, bahari ikiwa na mawimbi na mwani mwingi ufuoni, Desemba ni kaskazi, joto na maji matulivu, bei ikiwa juu. Cheza gofu yako. Wapeleke watoto Bamburi na Ngomeni. Halafu tenga siku moja ya ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambako familia za Mombasa na za bara huja na masufuria ya pilau na kukodi maboya kwa ajili ya watoto. Hapo hakuna bawabu, na Kiswahili tunachojifunza darasani kitapata kazi.