Shusha gia kabla ya mteremko

Siku moja nilikuwa nateremka kutoka Kwale kwenda Kombani, gari nimeiachia nyutro nikidhani naokoa mafuta. Katikati ya mteremko nikasikia harufu ya breki zikiungua, na pedali ikaanza kuzama. Alhamdulillahi, nilifika salama. Tangu hapo nimejifunza kushusha gia, na leo nawapa wenzangu faida hiyo.

Gia ya chini huongeza nguvu na kupunguza mwendo. Twaihitaji hasa nyakati tatu:

Kupanda mlima: shusha mapema, kabla injini haijaanza kutetemeka.

Kupita gari jengine: shusha gia moja, upate nguvu ya kupita haraka.

Kuteremka: ukiondoa mguu kwenye aksileta, injini yenyewe huyazuia magurudumu. Breki zikiachiwa kazi yote hupata moto, hata mafuta yake yakachemka. Hapo utakanyaga na gari isisimame.

Kanuni ni nyepesi: mlima unaopandwa kwa gia ya pili, uteremke kwa ya pili. Punguza mwendo kwa breki kwanza, kanyaga klachi, shusha gia, kisha achia klachi polepole. Kutoka ya tano hadi ya pili ukiwa mbioni kwaweza kuharibu injini. Wenye gari za otomatiki, tumieni 2 au L.

Na ile nyutro yangu? Injini nyingi za kisasa hukata mafuta gari ikiteremka ndani ya gia. Kwenye nyutro huendelea kuyachoma. Nilihatarisha roho, na mafuta sikuokoa.