Ng'ombe, Kipande na Gari: Mipaka ya Watu wa Nyacheki

Msafiri atokaye Nyacheki, katika nchi ya Bobasi, akiishika njia ya Nyangusu, hupita mashamba ya chai na migomba, na haimchukui muda mrefu kufika mahali ambapo Gusii inakwisha na Transmara ya Wamaasai inaanza. Ilhali yule mwenye safari ya Tanzania hushuka hadi barabara kuu ya Kisii na Migori, akaifuata mpaka Isebania, na ng'ambo ya pili ni Sirari. Mipaka hii miwili haikuzaliwa siku moja, wala haikutafuta kitu kimoja kwa mpitaji. Nami naona historia yake hueleweka vyema zaidi kwa kuuliza ni kitu gani kilichokuwa kikikaguliwa kuliko kuuliza ni nani aliyeuchora mstari.

Mpaka wa Wamaasai, ulio mkongwe zaidi, haukuwa na jiwe wala bendera. Walinzi wake walikuwa vijana wa ebisarate, yaani kambi za ng'ombe zilizozungushiwa ngome, ambamo mabarobaro wa Kigusii walilala pamoja na mifugo pembezoni mwa nchi, mbali na nyumba za wazazi wao, wakitazama ni nani ajaye na kwa nia gani. Waingereza, ambao mwaka 1907 walijenga boma lao Kisii, hawakupendezwa na vijana wenye mikuki waliojikusanya namna ile, wakazivunja kambi hizo kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Pahala pa mkuki pakaja karatasi. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1902 serikali ilikuwa na uwezo wa kuifunga wilaya nzima, asiingie mtu ila kwa idhini. Na hifadhi ya Wamaasai aghalabu ilitiwa karantini kwa ajili ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Basi kiumbe wa kwanza kuhitaji ruhusa ya serikali ili avuke kilima alikuwa ng'ombe, na mwenye kumswaga usiku kwa njia za vichakani akaitwa mhalifu, ijapokuwa babu yake aliipita njia ile ile kwa heshima zote.

Mpaka wa kusini ulikatwa mbali sana na hapa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kwamba mstari utoke pwani, kwenye mlango wa mto Umba, uizunguke Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha uende moja kwa moja hadi ufuo wa mashariki wa ziwa Viktoria, pale unapokutana na digrii moja ya kusini mwa Ikweta. Wapimaji walipofika kati ya 1904 na 1906 kuuweka alama, ulipita katikati ya Wakuria kama uzi wa mwashi upitao juu ya kichuguu bila kujali wakaao ndani. Na waliouvuka mapema kwa kishindo kikubwa hawakuwa wachuuzi wala wachumba, bali askari wa Kijerumani, ambao mwezi Septemba 1914 waliingia mji wa Kisii; tarehe 12 palipiganwa vita, Wajerumani wakarudi walikotoka, na raia walioyapora maduka na ofisi katika fujo ile wakalipizwa kwa kunyang'anywa mifugo. Tazama jinsi hesabu ilivyorudi tena kwa ng'ombe!

Baada ya Vita Kuu hiyo zamu ya kukaguliwa ikamwangukia mtu mwenyewe. Sheria ya kipande ilitungwa 1915 na kuanza kutumika vita vilipokwisha, nayo ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kuchukua hati yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoandikwa kazi na siku aliyofunguliwa, imekunjwa ndani ya kibweta cha bati na kuning'inizwa shingoni kwa uzi. Mtu wa Gusii aliyetaka kibarua katika mashamba ya chai ya Kericho hakuvuka mpaka wa dola yoyote, walakini alipekuliwa kuliko mgeni. Na kama mwajiri hakutia sahihi ya kumfungua, askari yeyote njiani aliweza kumhesabu kuwa mtoro. Mwanaharakati Harry Thuku, aliyekamatwa 1922, aliliweka jambo hili miongoni mwa malalamiko yake makubwa.

Kinyume chake, mpaka wa Tanganyika katika zama hizo ulikuwa ukilegea, kwa maana forodha za Kenya na Uganda ziliunganishwa mwaka 1917, na Tanganyika ikajiunga nazo katika miaka ya 1920. Uhuru ulipokuja, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1967, wengi walidhani mlango umefunguliwa milele. Haukufunguliwa. Mwezi Februari 1977, shirika la ndege la pamoja liliposambaratika, Tanzania iliufunga mpaka na kuyazuia magari ya Kenya yaliyokutwa ndani. Ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983, na magendo yakastawi kama yanavyostawi kila mahali palipofungwa kwa amri ilhali ndugu wako pande zote mbili.

Tangu hapo mtuhumiwa mkuu amekuwa gari. Dereva aingiaye Sirari leo ataulizwa logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari, kibali cha muda cha gari la kigeni, na kadi ya manjano ya COMESA, ambayo ni bima ya kuwafidia watakaoumizwa ng'ambo. Na afisa akiwa na shaka, huinama akayalinganisha maandishi ya logbuku na namba iliyogongwa kwenye chesisi, huku tanboi akifungua turubai ili mzigo uonekane. Mtu mwenyewe, akiwa na pasi au hati nyingine ya kusafiria inayokubaliwa, hupita upesi. Utaratibu wa kituo kimoja, uliopewa sheria yake mwaka 2016 na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa, umewakalisha maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja, hata msafiri asimame upande wa nchi aingiayo tu. Nao, kwa insafu, umeondoa udhia mwingi, ijapokuwa foleni ya malori haijaondoka.

Huku Nyangusu hakuna jengo la namna hiyo, maana pande zote mbili ni Kenya. Hata hivyo, tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013, mazao yapitayo kati ya Kisii na Narok hutozwa ushuru njiani, na mchuuzi anunuaye ng'ombe Transmara kwa ajili ya soko la Gusii hana budi kuwa na kibali cha afisa wa mifugo. Yeye mwenyewe huvuka bila kuulizwa jina.