Kikombe Kimoja cha Jiki, Sita vya Maji

Nilipokaa kwenye kiti cha daktari wa meno mjini Moshi, kitu cha kwanza nilichokitambua ni harufu ya jiki. Gego langu lilikuwa limeoza hadi kwenye kiini. Kwetu Marangu jino la namna hiyo hung'olewa. Mama yangu ameshang'olewa manne. Mimi nilishuka kuomba langu liokolewe.

Harufu ile imetoka mbali. Mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, mkemia Mwingereza Henry Dakin na daktari wa upasuaji Mfaransa Alexis Carrel walikuwa Compiègne, Ufaransa, wakitafuta dawa ya kuoshea majeraha ya askari. Dawa za kuua vijidudu zilikuwepo. Kazi ilikuwa kuviua bila kuiua na nyama. Dakin aliishia kwenye sodiamu haipokloraiti ya asilimia 0.5, iliyopunguzwa ukali, ikapitishwa jerahani kwa mipira myembamba kila baada ya saa mbili. Machi 1916 vita hiyo hiyo iliutoa mji wa Moshi mikononi mwa Wajerumani na kuutia mikononi mwa Waingereza. Miaka 20 baadaye, mwaka 1936, daktari wa meno wa Marekani, Alfred Walker, alipendekeza dawa ya jamii hiyo, yenye nguvu zaidi, kwa mizizi ya meno.

Mzizi una vichochoro ambavyo chuma cha daktari hakivifikii. Haipokloraiti huvifikia, huua vijidudu na kuyeyusha mabaki ya nyama iliyokufa. Klorheksidini huua vijidudu ila haiyeyushi kitu. Lakini haipokloraiti ikipenya nje ya ncha ya mzizi, huunguza na uso huvimba. Zikikutana mbili hizo, huacha mashapo ya kahawia. Ndiyo maana daktari huchagua, kisha husukuma bomba la sindano polepole.

Mama alikuwa mhudumu wa zahanati. Kila asubuhi alichanganya kikombe kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 na sita vya maji, ya kulowekea vifaa. Piga hesabu: inabaki asilimia 0.5, namba ya Dakin. Miaka yote hiyo mikono yake ilinuka dawa ambayo, ikipimwa na mtaalamu, huokoa meno. Magego yake manne hayakukosa dawa. Yalikosa daktari wa karibu, na nauli.