Kwa nini tangi la msumeno wa mnyororo huvuja petroli

Wapasuaji mbao wanaopanda kutoka Bujumbura kwenda kukata mikaratusi milimani hutegemea msumeno wa mnyororo. Tangi lake likivuja, mwenye nao hupoteza petroli, ambayo imekuwa adimu nchini Burundi kwa miaka kadhaa, na hujiweka katika hatari ya kuungua. Mara nyingi chanzo ni kifaa kidogo kisichotazamwa: kipumulio, yaani tundu la hewa la tangi.

Kazi yake

Kabureta inapovuta petroli, nafasi tupu huachwa ndani ya tangi. Hewa isipoingia kuijaza, mafuta hushindwa kutoka na injini huzimika. Kipumulio huruhusu hewa kuingia na kuzuia petroli isitoke, hata msumeno ukilazwa ubavu. Ndani yake mna vali ya njia moja, kwa kawaida ya raba. Katika baadhi ya misumeno kimo kwenye kifuniko. Katika mingine kiko ubavuni mwa tangi au mwishoni mwa mpira mwembamba.

Sababu za hitilafu

Raba hukakamaa kwa joto na umri, na unga wa mbao huweza kuikwamisha vali ikabaki wazi. Hapo petroli huvuja. Vali ikiziba, dalili ni kinyume: injini huwaka vizuri, kisha huzimika baada ya muda, na kifuniko kikilegezwa husikika mlio wa hewa ikivutwa ndani.

Mwinuko nao una sehemu yake. Bujumbura iko takriban mita 780 juu ya usawa wa bahari, ilhali Bugarama imepita mita 2,000. Tangi lililofungwa mjini likifikishwa huko, mgandamizo wa hewa ya nje huwa umepungua kwa takriban asilimia 15. Hewa ya ndani husukuma petroli kupitia vali mbovu, au huirusha nje kifuniko kikifunguliwa ghafla. Jua kali huongeza msukumo huo.

Namna ya kuchunguza

Zima injini, uiache ipoe, kisha legeza kifuniko polepole. Futa tangi likauke, jaza petroli kiasi, funga, na ulaze msumeno juu ya karatasi kavu, mbali na moto na sigara. Alama ya unyevu itaonyesha mahali panapovuja, kwani kosa huweza pia kuwa la raba ya kifuniko, mpira wa mafuta uliopasuka au kabureta.

Vali iliyokakamaa hubadilishwa. Kuliziba tundu kwa gundi au kijiti si dawa: uvujaji utakoma, lakini injini itakosa mafuta. Tena, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutanda chini. Baada ya kujaza, sogea angalau mita 3 kabla ya kuwasha.