Sikio Kabla ya Hadithi: Juu ya Kuwajuza Watoto na Wazazi Muziki wa Klasiki

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani imekuwa ada kwa okestra kutenga siku ya jamii, aghalabu mwisho wa juma, ambapo milango ya ukumbi hufunguliwa bila ya kiingilio, ala zikawekwa wazi watoto wazishike na kuzijaribu, na wazazi wakakaribishwa pamoja na wana wao kuusikiliza muziki ambao wengi wao wameuhesabu tangu zamani kuwa ni starehe ya wenye nafasi. Nia hiyo ni njema wala hapana wa kuibeza. Lakini njia zinazotumika kuitimiza zataka kupimwa, kwani mambo mawili yasiyofanana huchanganywa humo yakadhaniwa ni moja, nayo ni kumfurahisha mtoto kwa hadithi iliyopambwa kwa muziki, na kumzoesha kuusikia muziki wenyewe.

Hadithi mashuhuri kupita zote katika mlango huu ni ile ya Petro na mbwa mwitu, aliyoitunga Sergei Prokofiev mwaka 1936 kwa kuombwa na Natalia Sats, aliyekuwa mkuu wa jumba la tamthilia ya watoto mjini Moscow. Humo kila kiumbe amepewa ala yake: ndege filimbi, bata oboi, paka klarineti katika sauti zake za chini, babu basuni yenye kunung'unika, na mbwa mwitu akapewa honi tatu zinazolia kwa pamoja, naye Petro mwenyewe hutembea kwa sauti ya fidla na jamaa zake. Mtunzi aliagiza kwamba kabla ya kupigwa, watoto waonyeshwe ala hizo na kusikilizishwa tuni zake, ili sikio liwe limekwisha kuitambua sauti kabla kisa hakijaanza. Agizo hilo likipuuzwa, na hupuuzwa mara nyingi kwa ajili ya kubana wakati, mtoto humfuata msimulizi tu, akamhurumia bata aliyemezwa akiwa hai, na okestra nzima ikawa ni pazia lililotundikwa nyuma ya mzungumzaji.

Miaka kama kumi baadaye mtunzi Mwingereza Benjamin Britten alishika njia nyingine. Alipotakiwa kuandika muziki wa filamu ya kuwafunza watoto wa shule za Uingereza ala za okestra, alitwaa tuni aliyoitunga Henry Purcell mwaka 1695 kwa mchezo wa kuigiza uitwao Abdelazer, akaipigisha kwanza na okestra yote, kisha na ala za kupulizwa za mti, za shaba, za nyuzi, na za kupigwa, halafu akaigeuza mara kumi na tatu ili kila ala ipate zamu yake. Hapana paka wala babu. Mwishoni huingia tuni mpya yenye mbio, ikianzwa na filimbi ndogo na kupokewa na ala baada ya ala kwa mpango ule ule wa mwanzo, hata zote zikiwa katika kukimbizana, ghafula ala za shaba huinuka juu yao na tuni ya Purcell kwa mwendo wa taadhima. Mtoto aliyesikiliza huitambua papo hapo, bila ya kuambiwa na mtu. Na kutambua huko, ambako hakuna msimulizi awezaye kumfanyia, ndiko ninakokuita kusikia.

Kwamba hadithi si muziki wenyewe, Leonard Bernstein, kiongozi wa okestra wa Marekani, alilithibitisha kwa hila ya kupendeza. Alipoanza tamasha zake za vijana katika ukumbi wa Carnegie, New York, Januari 1958, zikionyeshwa katika televisheni, aliwasimulia watoto kisa cha Superman anayemwokoa mfungwa asiye na hatia, okestra ikapiga, na kila kitu kikakaa mahali pake. Kisha akafichua kwamba muziki ule uliandikwa na Richard Strauss juu ya kisa cha Don Quixote, na kwamba kilichosikika kuwa mikoromo ya wafungwa kilikuwa ni kulia kwa kondoo. Ikiwa visa viwili visivyohusiana vyaweza kuvaa muziki mmoja bila ya kupwaya, basi maana ya muziki haimo katika kimojawapo.

Nitaambiwa kwamba mtoto wa miaka mitano hawezi kuvumilia sauti tupu. Sikubali. Asichovumilia ni kukaa kimya kama sanamu, na ukimya huo si sharti la asili la muziki huu: mwaka 1778, simfonia ya Mozart ilipopigwa mjini Paris, wasikilizaji walipiga makofi katikati ya sehemu ya kwanza, naye akamwandikia baba yake kwa furaha kwamba alijua tangu alipokuwa akiiandika kuwa mahali pale patawapendeza, ndiyo maana akaparudia mwishoni. Waandalizi wanaomkemea mtoto kwa kupiga makofi kabla ya wakati wanalinda adabu ambayo mtunzi mwenyewe hakuitaka.

Lakini taksiri kubwa kuliko zote ni kumsahau mzazi. Mtoto wa Unguja hakujulishwa ala za kanuni na udi kwa kuhutubiwa. Alizisikia arusini, ubavuni mwa mama yake aliyekuwa akiitikia na kwenda kutunza, akajua kwamba muziki ule una thamani kwa kuwa wakubwa wake wanauthamini. Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla wa Matsumoto, Japani, aliijenga taaluma yake juu ya msingi huo huo: mama hujifunza kupiga kwanza, na sahani za santuri huchezwa nyumbani kila siku, mpaka mtoto mwenyewe aitake fidla kwa kumwonea mama yake wivu. Ilhali katika siku nyingi za jamii mzazi husimama pembeni akimpiga mwanawe picha, kama kwamba yeye hayamhusu. Ningepewa mimi kuipanga siku hiyo, fidla ya kwanza ingekwenda mikononi mwa baba, aikwaruze mbele ya wanawe wamcheke, na zamu yao ingekuja watakapoidai wenyewe.