Kutoka Shoorumu Hadi Yadi

Baba yangu aliuza magari Mombasa enzi ambazo mteja ndiye aliyebembeleza. Fedha za kigeni zilidhibitiwa, na Peugeot 504 iliyounganishwa hapa hapa mjini mara nyingi ilikuwa na mwenyewe hata kabla haijatoka kiwandani. Muuzaji alifunga tai, akaketi, akangoja.

Miaka ya 1990 soko likafunguliwa, na magari ya mtumba kutoka Japani yakamiminika katika bandari ya Kilindini. Nami nikafungua yadi: changarawe, mabati, mlinzi, ndoo ya kuoshea. Kumbe biashara hii ni kuijua kalenda. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo kila Januari magari ya mwaka mzima hufutika kwenye orodha ya kuagiza. Meli ikichelewa Desemba, sisi hatulali.

Siku hizi mteja huja ameshasoma karatasi ya mnada wa Japani kwenye simu: alama ya bodi, kilomita, hata mkwaruzo wa mlango. Kufunga tai na kungoja kama baba kusingenisaidia hapa. Faida yangu imehamia kwenye makaratasi: kukokotoa ushuru sawasawa, na kulitoa gari bandarini kabla gharama za kuhifadhi hazijaanza kula.