Difu ya Mbano: Jina la Kiswahili la LSD na Kinachoonekana Ikifunguliwa

Difu ni mkusanyiko wa gia ulio katikati ya ekseli inayosukuma gari. Hupokea nguvu ya injini kutoka kwenye propela, huigawa kwa magurudumu mawili, na wakati huohuo huyaacha magurudumu hayo yazunguke kwa kasi zisizolingana. Ruhusa hiyo ni ya lazima. Magurudumu ya nyuma yakiwa yameachana mita 1.5, kila gari linapokata kona ya nyuzi 90 gurudumu la nje husafiri takriban mita 2.36 zaidi ya lile la ndani, kona iwe kali au pana. Kama ekseli ingekuwa nondo moja isiyogawanyika, tairi mojawapo lingeburuzwa kwenye kila kona. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliipatia difu ya gari la mvuke hataza mwaka 1827, na wazo lake ndilo linalozunguka chini ya magari mpaka leo.

Difu ya kawaida ina udhaifu mmoja unaojulikana na kila dereva aliyewahi kukwama. Hugawa msokoto nusu kwa nusu. Gurudumu moja likikanyaga tope, msokoto mdogo tu unatosha kulizungusha, na mwenzake aliye kwenye ardhi kavu hapati zaidi ya hicho kidogo. Gari linabaki palepale, tairi moja likirusha matope na jingine limetulia kabisa. Difu inayoandikwa kwa herufi LSD (kwa Kiingereza limited-slip differential) ilibuniwa kuondoa udhaifu huo bila kuiondoa ile ruhusa ya kupita kona.

Neno “difu” lenyewe halihitaji mbadala. Limefupishwa gereji, linatamkika, na fundi akiagiza spea ya difu anaeleweka. Anayetaka kuunda “kitofautishi” kutokana na asili ya neno la Kiingereza atapata umbo lisilo na kosa la sarufi lakini lenye maana iliyopinda, kwa sababu difu haileti tofauti yoyote. Tofauti inaletwa na kona, na difu inaikubali tu. Ugumu uko kwenye sehemu ya pili ya jina. Likifasiriwa neno kwa neno, jina la Kiingereza linatoa “difu ya mtelezo wenye kikomo”, na karibu kila neno hapo linampoteza msomaji. Akisikia mtelezo anafikiria tairi na tope, ilhali mtelezo unaotajwa uko ndani ya chuma, kati ya ekseli moja na nyingine. Akisikia kikomo anafikiria kiwango cha kasi ambacho kikifikiwa kitu kinafungwa. Hakuna kiwango cha namna hiyo.

Pendekezo lililo bora kuliko hilo ni “mpishano”. Magari mawili hupishana njiani, mahesabu mawili hupishana yasipolingana, na magurudumu mawili ya ekseli moja hupishana kwenye kona. Maana zote hizo zinakutana mahali pamoja. “Difu ya mpishano wa kiasi” ingekuwa istilahi sahihi kwa kitabu cha shule. Hata hivyo inaeleza matokeo na kunyamazia kinachoyaleta. Wajerumani walifuata njia nyingine: jina lao, Sperrdifferential, limetokana na kuzuia, ndiyo maana kibati kilicho kwenye difu za BMW za aina hii kina herufi S kabla ya namba ya uwiano wa gia. Kiswahili kinaweza kukaribia ukweli zaidi ya hapo, kwa sababu kitendo chenyewe, ukikitazama difu ikiwa wazi mezani, ni kubana.

Mfano mzuri wa kukitazama ni difu ya sahani ya kampuni ya ZF, iliyofungwa kwenye baadhi ya BMW za mfululizo wa 3 za miaka ya 1980. ZF ilianza kazi hii mwaka 1935, kwa ajili ya magari ya mashindano ya Auto Union yaliyosanifiwa na Ferdinand Porsche, ambayo injini zake zilikuwa na nguvu kuliko matairi ya wakati ule yalivyoweza kushika barabara. Ujuzi unaohitajika kuifungua nyumbani ni wa utaratibu na usafi kuliko wa nguvu.

Kabla ya spana yoyote, hali yake hupimwa. Gari huwekwa juu ya stendi magurudumu yote mawili ya nyuma yakining’inia, ya mbele yakiwekewa vizuizi, gia ikiwa nyutro. Gurudumu moja huzungushwa kwa mkono. Difu ambayo mbano wake ni mzima hulizungusha la pili upande uleule. La pili likizunguka kinyume bila ubishi, sahani zimelika au springi zimelegea. Pengine pia gari halijawahi kuwa na LSD, na kibati hakikusomwa. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuacha gurudumu moja chini, kulizungusha lililo juu kwa spana ya torki, na kulinganisha msokoto unaolianzisha na ule ulioandikwa kwenye kitabu cha gari.

Oili ikishamwagwa, difu nzima hushushwa, na hapo ni lazima pawe na jeki nzuri au mtu wa pili, kwani ni nzito. Hufunguliwa mfuniko wa nyuma, kisha vifuniko viwili vya pembeni vinavyoshika beringi. Chini ya kila kifuniko kuna shimu, pete nyembamba za kupangia nafasi, na kosa baya kuliko yote katika kazi hii ni kuzichanganya za kushoto na za kulia. Shimu hizo ndizo zinazoamua krauni, gia kubwa ya difu, inakaa umbali gani na pinioni inayoizungusha. Zikihifadhiwa kila upande pake, na pinioni isipoguswa, sehemu ngumu ya upimaji inabaki ilivyotoka kiwandani.

Ganda la ndani likifunguliwa, linaonekana jambo ambalo jina la Kiingereza halikulisema. Katikati kuna gia ndogo zilizopachikwa kwenye vijiti vyake, kama katika difu yoyote. Lakini ncha za vijiti hazikushikwa na ganda. Zimelala kwenye makato yenye umbo la V, yaliyochongwa kati ya pete mbili nene. Injini inaposukuma, vijiti hupanda kuta za makato na kuzitenganisha pete. Pete nazo hukandamiza sahani zilizopangwa nyuma yake, moja ikiwa na meno ya ndani yanayoshika gia ya ekseli, inayofuata ikiwa na masikio ya nje yanayoshika ganda. Msokoto ukiongezeka, mbano unaongezeka. Dereva akiachia mafuta kwenye kona ya taratibu, mbano unapungua na magurudumu yanapishana karibu kama kawaida, yakizuiwa tu na springi za sahani zinazodumisha mbano wa mwanzo.

Mbano huo una kipimo. Difu iliyoandikwa asilimia 25 ina maana kwamba tofauti ya msokoto kati ya magurudumu mawili inaweza kufikia robo ya msokoto wote: asilimia 62.5 kwa lililoshika ardhi na 37.5 kwa mwenzake. Ya asilimia 40 hufikia 70 kwa 30. Hesabu hiyo pia inaonyesha mahali uwezo wake unapoishia. Gurudumu moja likining’inia hewani, msokoto wa kupandisha vijiti haupo, na zinabaki springi peke yake. Madereva wazoefu huvuta breki ya mkono kidogo ili gurudumu hilo lipate mzigo, na pete zianze kubana. Difu loki haina shida hiyo kwa sababu imefunga kabisa, lakini haifai kutumika kwenye lami.

Sahani huoshwa, hupimwa kwa mikromita na kulinganishwa na kipimo cha kitabu. Tofauti inayotafutwa ni ya sehemu za kumi za milimita, hivyo macho hayatoshi. Sahani yenye rangi ya bluu imeungua, yenye mikwaruzo mirefu imekwisha. Kuta za makato ya V hupapaswa kwa kidole. Zikiwa na vishimo, kubadilisha sahani pekee ni hasara, maana vijiti havitapanda sawasawa. Sahani mpya hulowekwa kwenye oili kabla ya kupangwa, ili zisianze kazi zikiwa kavu. Baada ya kufunga, plei kati ya krauni na pinioni hukaguliwa kwa geji ya mshale. Kama beringi za pembeni ni mpya, shimu zitahitaji kupimwa upya.

Oili ndiyo sehemu inayodharauliwa na wengi. GL-5 ya kawaida mara nyingi haitoshi. Difu ya sahani huhitaji kirekebisha msuguano, kikiwa ndani ya oili yenyewe au katika chupa yake ya pembeni. Kikikosekana, sahani hukamata na kuachia, kukamata na kuachia, na gari hunguruma kila linapokata kona wakati wa kuegesha. Hapa ndipo mtelezo unapopata nafasi yake ya haki: sahani zinatakiwa ziteleze, ila ziteleze zikiwa zimebanwa. Safari za mwanzo huwa za polepole, kwa kuchora namba nane uwanjani ili sahani zizoeane, kisha oili humwagwa ikiwa na unga wa chuma na kuwekwa mpya.

“Difu ya mbano” inaifaa pia Torsen ya Vernon Gleasman, Mmarekani aliyepewa hataza yake mwaka 1958, kwa kuwa humo gia zenyewe hujikandamiza zinapobeba msokoto. Haiifai ile inayotumia mnato wa majimaji ya silikoni kati ya sahani zisizogusana. Hiyo ni LSD kwa Kiingereza, lakini haibani kitu, na kwa Kiswahili inastahili kuitwa difu ya majimaji.